Unga wa dola 3: kisa cha AD-X2 na betri zilizofufuka

Chukua betri mbili za gari zilizokaa muda mrefu bila kutumika. Ziwe za aina moja na umri mmoja, na zote zimeshuka kiasi kilekile. Katika ya kwanza mimina unga kwenye kila seli, ongeza maji ya betri, iunganishe na chaja ya ampea chache, uiache siku mbili. Ukiifunga garini, stata inazunguka vizuri. Ya pili ifanyie yote hayo kwa maji yaleyale, chaja ileile na saa zilezile, ila unga usiutie. Nayo inawasha gari. Mwenye betri ya kwanza ataapa kwamba unga umefanya kazi, na wala si mwongo, maana ameona kwa macho yake. Alichokosa ni ile betri ya pili.

Kisa cha AD-X2, kilichotaka kumng'oa mkuu wa maabara ya viwango ya Marekani mwaka 1953, kinaanzia kwenye betri hiyo ya pili. Kinastahili kusomwa na yeyote anayemiliki gari, kwa sababu unga wa namna hiyo haujaisha sokoni. Umebadilisha chupa na majina tu.

Bidhaa yenyewe

AD-X2 iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940, ikiuzwa na kampuni ya Pioneers ya Oakland, California. Mwenye kampuni, Jess M. Ritchie, alikuwa mtu wa kuendesha matingatinga, si mkemia. Ila alikuwa na mkemia pembeni yake, na si wa kubahatisha. Merle Randall alikuwa profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha California, mmoja wa waandishi wawili wa kitabu cha thamodinamiki cha mwaka 1923 kilichosomesha vizazi vya wakemia. Randall alifariki mwaka 1950, mzozo ukiwa bado mchanga, lakini jina lake liliendelea kuipa bidhaa uzito ambao vidawa vingine vya betri havikuwa nao.

Pakiti moja iliuzwa dola 3 na ilitosha betri moja. Betri za magari ya Marekani wakati huo nyingi zilikuwa za volti 6, zenye seli tatu. Ndani ya pakiti mlikuwa hasa na chumvi mbili: salfeti ya sodiamu na salfeti ya magnesiamu. Hiyo ya pili wasomaji wa pwani wanaijua vizuri, ni chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo. Ritchie alisema kwamba chembechembe za vitu vingine na jinsi mchanganyiko ulivyoandaliwa ndivyo vilivyoitofautisha na chumvi ya dukani. Ahadi ilikuwa kwamba betri iliyoota salfeti ingerudi hai, na iliyo nzima ingedumu zaidi.

Sasa soma maelekezo ya matumizi, kwa sababu siri yote iko humo. Mteja hakuambiwa amwage unga akaendelea na safari. Aliambiwa aichaji betri taratibu na kwa uangalifu. Kwa maneno mengine, pakiti ya dola 3 iliuzwa pamoja na huduma ambayo betri nyingi zilizotelekezwa zilikuwa zinaihitaji na hazijawahi kuipata.

Salfeti ni nini, na kwa nini chaji ya taratibu inaitoa

Betri ya risasi na asidi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na kemia yake haijabadilika. Pleti chanya ina oksidi ya risasi, pleti hasi ina risasi yenye vinyweleo kama sifongo, na kati yake mna asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, pleti zote mbili hugeuka kidogo kidogo kuwa salfeti ya risasi, na asidi hugeuka maji. Unapochaji, mambo hurudi kinyumenyume. Kwa hiyo salfeti si ugonjwa. Kila unapopiga stata unaitengeneza, na altaneta huifuta baada ya muda.

Tatizo huja betri ikiachwa chini kwa wiki au miezi. Fuwele za salfeti zikiwa ndogo huyeyuka upesi na kurudi kuwa risasi na asidi. Zikikaa, ndogo hufa na kubwa hunenepa, kama chumvi inavyoganda ndani ya kopo. Fuwele kubwa ina uso mdogo ukilinganisha na ujazo wake, haipitishi umeme, na salfeti ya risasi kwa asili huyeyuka kwa shida, miligramu chache tu kwa lita ya asidi. Ukiibana betri ya namna hiyo kwa chaji ya haraka ya ampea 30 au 40, volti inaruka juu, maji yanachemka na kutoa gesi, pleti zinapata moto, na salfeti inabaki palepale. Umeme mwingi umeishia kupasua maji.

Ukiipa ampea 2 au 3 kwa saa nyingi, kasi ya chaji inalingana na kasi ndogo ambayo fuwele zinaweza kuyeyuka. Saa 24, mara nyingine 48 au zaidi. Seli zinazofufuka zinafufuka kwa njia hiyo, bila kuhitaji kitu chochote cha ziada ndani ya asidi.

Chumvi inaingiaje hapo? Kwa nadharia, inaingia kinyume na tangazo. Salfeti ya risasi huyeyuka kwa kutoa ayoni za salfeti, na ukijaza ayoni hizo kwenye maji kwa kutumia chumvi nyingine ya salfeti, unaipunguzia nafasi ya kuyeyuka. Kuna mahali jambo hilo lina faida ya kweli, na haki inatudai tuliseme. Watengenezaji wengi wa betri zilizofungwa huweka kiasi kidogo cha salfeti ya sodiamu kiwandani. Betri ikiisha kabisa, asidi inakaribia kuwa maji matupu, risasi nyingi zaidi huyeyuka, na wakati wa kuchaji inaweza kuota kama miiba midogo ikaunganisha pleti chanya na hasi. Chumvi hiyo huzuia ajali hiyo. Hiyo ni kinga inayowekwa betri ikiwa mpya, kwa tatizo moja mahususi. Haimaanishi kwamba ukimwaga chumvi kwenye betri iliyokwisha utaifufua.

Betri zilizopimwa kwa jozi

Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilikuwa imeshapima vidawa vya betri tangu miaka ya 1920. Mtaalamu wake wa betri, George W. Vinal, hakuwa amekutana na kimoja kilichofanya kazi. Mwaka 1931 ofisi ilitoa waraka uliosema hivyo kwa ujumla, bila kutaja bidhaa moja moja. Waraka huo ndio uliomkera Ritchie. Mwaka 1948 alilalamika kwamba bidhaa yake inahukumiwa pamoja na takataka ilhali yenyewe ni tofauti.

Malalamiko yake hayakuwa ya kipuuzi. Kwamba vidawa vya nyuma vilishindwa hakuthibitishi kwamba kijacho kitashindwa. Kosa la ofisi, kama lipo, lilikuwa kuchelewa kuipima AD-X2 peke yake na kusema wazi. Vipimo vya bidhaa hiyo vilifanyika hasa pale vyombo vingine vya serikali vilipoomba, kwanza Tume ya Biashara ya Shirikisho, kisha Idara ya Posta. Mwaka 1951 ofisi ikachapisha Waraka namba 504 kuhusu viongezi vya betri, na msimamo haukubadilika.

Msingi wa vipimo hivyo ni ule tulioanza nao: betri zenye unga na zisizo na unga zinapita njia moja. Kuna mambo matatu hapa ambayo fundi yeyote anaweza kuyaiga. La kwanza, upangaji wa nani apate unga usiwe wa kuchagua kwa macho. Ukichagua mwenyewe, mkono utaipa dawa ile betri inayoonekana ina nafuu, hata kama hukukusudia. La pili, anayesoma vipimo asijue ipi imetiwa unga. La tatu, kinachopimwa kiwe uwezo wa betri kutoa umeme, yaani ampea kwa saa hadi volti ishuke kwenye kikomo kilichokubaliwa. Rangi ya pleti, mapovu mengi, au volti mara tu baada ya kutoa chaja, hivyo vyote vinadanganya.

Mwaka 1952 Ritchie mwenyewe alikuwepo katika jaribio la ofisi, na betri zilitibiwa kwa maelekezo yake. Matokeo hayakuonyesha faida. Akayakataa matokeo.

Ripoti ya MIT, na tofauti kati ya kuonekana na kufaa

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na funzo zaidi, na ndipo wasimuliaji wengi wanaporuka. Kamati ya Seneti ya biashara ndogondogo, iliyokuwa ikipokea barua za watumiaji walioridhika, iliomba MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, nayo ipime. Ripoti ilitoka Desemba 1952. Iliorodhesha tofauti fulani za kikemia na kimaumbile kati ya seli zenye unga na zisizo na unga. MIT haikusema kwamba betri ingedumu zaidi garini. Lakini mshauri wa kamati, mkemia Keith Laidler, aliisoma kuwa imethibitisha madai ya Ritchie, na magazeti yakabeba habari ya maabara mbili kubwa zinazopingana.

Hazikupingana. Maji ukiyatia chumvi yanabadilika, nani atakataa? Utapata tofauti ya uzito, ya mapovu, labda ya jinsi salfeti inavyoganda. Swali la mwenye gari ni moja tu, kama betri itapiga stata mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Tofauti inayoonekana kwenye chombo cha kioo inaweza kuwa ya kweli kabisa na isimsaidie mwenye gari hata siku moja. Kila mara tangazo la kiongezi linapoonyesha jaribio la mezani, kwa mfano chuma kinachosuguliwa au kimiminika kinachobadilika rangi, uliza kipimo hicho kinahusianaje na saa au kilomita.

Machi 1953

Serikali ya Rais Eisenhower iliingia madarakani Januari 1953. Waziri wake wa Biashara, Sinclair Weeks, alikuwa mtu wa viwanda, na ofisi ya viwango ilikuwa chini ya wizara yake. Februari mwaka huohuo Idara ya Posta ilitoa amri ya kuzuia barua za Pioneers kwa madai ya udanganyifu. Siku chache baadaye amri ikasimamishwa. Mwishoni mwa Machi Weeks alimtaka mkurugenzi wa ofisi, mwanafizikia Allen V. Astin, ajiuzulu. Hoja ya Weeks mbele ya maseneta ilikuwa kwamba ofisi haikupima mambo bila upendeleo kwa kiwango cha kutosha, kwa kuwa ilipuuza kabisa uamuzi wa soko. Kama wanunuzi wanaridhika, kwa nini serikali iwazuie?

Hoja hiyo inavutia, na ndiyo maana inafaa kujibiwa polepole. Soko linaweza kuamua kama soda ni tamu, kwa sababu mnywaji ndiye kipimo. Lakini mnunuzi wa unga wa betri hana njia ya kujua kama betri ingefufuka bila unga. Ana betri moja tu. Kuridhika kwake ni kwa kweli, ila kunatokana na chaji ya siku mbili aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe na umeme wake mwenyewe. Na wale ambao betri haikufufuka? Wengi hununua betri mpya na kunyamaza. Barua zinazofika kwa seneta ni za waliofurahi.

Wanasayansi walikasirika, na wapatao 400 wa ofisi hiyo waliripotiwa kuwa tayari kuacha kazi. Katikati ya Aprili Weeks alirudi nyuma, akasema Astin abaki kwa muda. Akademia ya Taifa ya Sayansi iliombwa iunde kamati ya kuchunguza suala la AD-X2, na mwenyekiti akawa Zay Jeffries, mtaalamu wa metali. Agosti Astin alirudishwa kikamilifu. Kabla mwaka haujaisha kamati ya Jeffries ikaripoti kwamba vipimo vya ofisi vilikuwa vya ubora wa juu na kwamba AD-X2 haikuwa na manufaa. Astin aliendelea na ukurugenzi hadi 1969.

Msomaji anayetarajia Ritchie apigwe pingu atasikitika. Amri ya posta ilifutwa Agosti 1953, kwa sababu kuuza kitu kisichofanya kazi na kukusudia kudanganya ni mambo mawili mbele ya sheria. Tume ya Biashara ilifungua shauri mwaka 1954, na mwaka 1956 ikalitupa kwa kuona kwamba mashtaka dhidi ya Ritchie hayakuthibitishwa. Bidhaa ikaendelea kuuzwa. Maabara ilishinda kwenye hoja, muuzaji akashinda kwenye kaunta, na wanaotafuta dawa ya betri hadi leo wanaishi katikati ya hukumu hizo mbili.

Jinsi udanganyifu huo unavyoingia kwenye haidromita

Tuvisogelee vifaa sasa. Betri nzima ya volti 12 yenye vifuniko, ikiwa imejaa chaji na imepumzika saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6 hadi 12.7. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Haidromita, kile kifaa chenye boya kinachopima uzito wa asidi ukilinganisha na maji, nayo husoma karibu 1.265 betri ikiwa imejaa, ingawa betri zinazojazwa kwa ajili ya nchi za joto mara nyingi huwekewa asidi nyepesi kidogo, kama 1.240, ili pleti zisiliwe haraka. Usishangae basi betri ya Dar es Salaam au Mombasa ikigoma kupanda hadi 1.265 wakati iko sawa kabisa.

Volti na haidromita vina uhusiano rahisi kukumbuka. Chukua usomaji wa haidromita, ongeza 0.84, unapata volti ya seli iliyopumzika. 1.265 jumlisha 0.84 ni 2.105, mara seli sita ni 12.63. Uhusiano huo ni mpelelezi mzuri. Ukiyeyusha kijiko kikubwa cha chumvi ya haluli katika seli isiyofika lita moja, haidromita inapanda kwa kama 0.010, bila chaji hata tone kuongezeka, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito tu. Vijiko vitatu, 0.030. Mteja anaonyeshwa kile kioo, boya limepanda, betri "imepona". Maltimita, inayopima volti, haitaona ajabu hiyo. Kwa hiyo ukikuta haidromita inasema 1.230 ilhali betri iliyopumzika usiku kucha ina volti 12.2, piga hesabu: 12.2 gawanya kwa 6 ni 2.033, toa 0.84, ni 1.193. Pengo la 0.037 lina chanzo, na mara nyingi ni mtu aliyetia kitu. Joto peke yake halielezi pengo hilo. Marekebisho yake ni kama 0.007 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi.

Kuongeza asidi kwenye betri iliyoshuka, tabia iliyozoeleka kwa baadhi ya mafundi betri wa pembeni ya barabara, ni udanganyifu wa daraja la juu zaidi, kwa sababu hudanganya vifaa vyote viwili. Asidi inapanda, volti inapanda, gari linawaka siku ile. Ila asidi iliyopungua haikuwa imepotea, ilikuwa imefungwa ndani ya salfeti kwenye pleti. Betri ikija kuchajiwa vizuri, asidi ya zamani inarudi juu ya ile mpya, usomaji unafika 1.300 na zaidi, na pleti chanya pamoja na vitenganishi vinaanza kuliwa. Kinachopungua betri ikitumika ni maji. Asidi huongezwa tu pale ilipomwagika.

Aspirini, ambayo nayo ina wafuasi wake, ni mbaya zaidi kuliko chumvi. Ndani ya asidi huvunjika na kutoa asidi ya siki, ambayo hushambulia risasi ya pleti chanya. Unaweza kupata msukumo wa asubuhi moja kwa gharama ya miezi.

Kuifufua ile inayofufuka

Kabla ya chaja, chuja kwanza. Betri ya volti 12 inayobaki kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa ina seli moja iliyokufa kwa shoti: seli sita zikitoa 2.1 kila moja ni 12.6, ondoa moja unabaki na 10.5. Mara nyingi ni tope la risasi lililodondoka toka kwenye pleti na kujaa chini hadi likaunganisha pleti. Seli moja ikisoma haidromita chini ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, jibu ni hilohilo au linakaribia. Maji ya seli yaliyogeuka kahawia yanaonyesha pleti chanya inamomonyoka. Kwa joto letu, kuliwa kwa fremu ya pleti chanya ndiko kunakoua betri nyingi zinazotumika kila siku. Salfeti huua zaidi zile zinazokaa. Hakuna unga unaoweza kujenga upya fremu iliyolika.

Ikipita mchujo, itoe garini. Ondoa kichwa cha hasi kwanza, kisha chanya. Unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa uoshe kwa maji yenye magadi yaliyoyeyushwa, vifuniko vikiwa vimefungwa, maana magadi yakiingia kwenye seli yanaua asidi. Fungua vifuniko. Pleti zikiwa wazi, ongeza maji ya betri mpaka zifunikwe tu, usijaze, kwa sababu maji hupanda wakati wa chaji. Kujaza hadi milimita 10 au 15 juu ya pleti ni kazi ya mwisho. Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya bomba yaliyochemshwa si hayo: kuchemsha kunaua vijidudu lakini kunaacha chumvi zenye klorini pamoja na chuma, tena yamekolea zaidi. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo yanabeba vumbi na metali za mapezi yake.

Chaji iwe kwenye ampea 2 hadi 3 kwa betri ya saizi ya NS60 yenye ampea-saa 45, na 3 hadi 4 kwa N70. Mahali pawe na hewa, mbali na sigara na jiko. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu hewani inaweza kulipuka, na cheche ya kung'oa klipu ya chaja wakati umeme unatembea inatosha. Zima chaja kwanza, kisha toa klipu. Shika ubavu wa betri kila baada ya saa chache. Ikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, zima ipumzike, kwani asidi isipite nyuzi 50. Pima kila seli kila baada ya saa moja kuelekea mwisho. Vipimo vitatu mfululizo visipobadilika, kuchaji kumekamilika, hata kama haijafika unapotaka.

Betri zilizofungwa kabisa zisizo na vifuniko hazina haya yote. Usitoboe. Kwa hizo kuna chaja ya taratibu yenye kikomo cha volti, basi.

Kama bado unataka kuujaribu unga

Haki ni kuujaribu vizuri. Mwenye betri moja hawezi kulinganisha kama maabara, lakini mpangilio sahihi wa hatua unaweza kuziba sehemu ya pengo. Kwanza ichaji taratibu bila chochote, kama ilivyoelezwa, kisha ipumzike usiku mmoja. Unganisha taa moja ya gari ya wati 55, inayokula kama ampea 4.5, na uandike saa. Iangalie kwa maltimita hadi volti ifike 10.5, uandike tena. NS60 yenye afya itakaa karibu saa 9. Irudishe kwenye chaja mara moja bila kuilaza ikiwa tupu. Rudia mzunguko huo mara ya pili, bado bila unga, kwa sababu betri iliyokaa mara nyingi huongeza saa yenyewe katika mzunguko wa pili na wa tatu, na nyongeza hiyo ndiyo ambayo wauzaji huidai.

Saa zikiacha kuongezeka kati ya mzunguko na mzunguko, hapo sasa mimina unga kwa kipimo cha pakiti, ichaji kwa saa zilezile, na washa taa ileile. Unga uwe wa mwisho kwa sababu ya kiufundi: ukishayeyuka ndani ya seli huwezi kuutoa, na ukianza nao hutajua kamwe chaji peke yake ingefanya nini. Tofauti ya dakika 10 au 20 ipuuze, kwani joto la mchana na usiku linaweza kuleta hiyo. Unatafuta saa nzima au zaidi, inayorudi pia katika mzunguko unaofuata.

Ikishindwa kufika saa 4 au 5 kwa chaji peke yake, imepoteza karibu nusu ya uwezo wake na itakuacha njiani asubuhi ya mvua. Ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na asidi yake ndani na vifuniko vimefungwa. Risasi yake bado ina bei, na asidi iliyomwagwa mtaroni imebeba risasi iliyoyeyuka hadi kwenye udongo ambao watoto wanachezea.